Chuo Kidogo cha Ufundi, Taasisi Kubwa au Karakana ya Mtaani: Ulinganisho kwa Anayetaka Kusomea Uzalishaji Viwandani

Kijana aliyemaliza kidato cha nne nchini Tanzania na anayetaka kusomea teknolojia ya uzalishaji viwandani ana milango mitatu ya kuingilia. Wa kwanza ni chuo kidogo cha ufundi stadi, mara nyingi kilicho wilayani au chini ya shirika la kidini, chenye karakana mbili tatu na walimu wanaowajua wanafunzi wao kwa majina. Wa pili ni taasisi kubwa ya ufundi, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha, ambako mwanafunzi huanza na cheti na kuendelea hadi stashahada. Wa tatu ni kuwa mwanagenzi kwa fundi mzoefu katika karakana ya mtaani. Familia nyingi huipanga milango hiyo kwa heshima: taasisi kwanza, chuo kidogo baadaye, na karakana ya mtaani kwa aliyekosa vyote viwili. Kwa maoni yangu mpangilio huo unawapoteza vijana wengi, kwa sababu haugusi jambo linalomfanya mtu awe fundi wa viwandani, nalo ni saa alizokaa kwenye mashine akifanya kazi halisi mbele ya mtu anayeipima na kuikataa inapokosewa.

Kazi inayosomewa

Kabla ya kulinganisha vyuo ni vyema kujua kazi yenyewe inadai nini. Chukua mfano wa shafti ya pampu ndogo ya maji inayokaa ndani ya beringi namba 6205. Beringi hiyo ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na upana wa milimita 15, na vipimo hivyo havibadiliki, iwe imetengenezwa Ujerumani, Japani au China. Ili pete ya ndani ya beringi ishikwe barabara na isiteleze juu ya shafti, kiwango kinachotumika sana hutaka shafti izidi milimita 25 kwa kiasi kisichopungua milimita 0.002 na kisichozidi milimita 0.015. Nafasi nzima anayoachiwa fundi ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Akikata kupita hapo, beringi italegea, itapata joto na kuila shafti. Akibakiza chuma kingi mno, ataipigilia beringi kwa nyundo na kuharibu njia za gololi hata kabla pampu haijawashwa.

Ili kuifikia nafasi hiyo, fundi anapaswa kusoma mchoro, kuchagua chuma kinachofaa, kukifunga kwenye mashine ya kukereza bila kukipinda, na kukokotoa mwendo. Fimbo ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 40, inapokatwa kwa kisu cha kawaida cha chuma kigumu kwa mwendo wa mita 25 kwa dakika, huhitaji kuzungushwa takriban mara 200 kwa dakika. Kadiri kipenyo kinavyopungua ndivyo mizunguko inavyopaswa kuongezwa. Kisha huja kupima. Kalipa ya vernia ya kawaida husoma hadi milimita 0.02, kwa hiyo haitoshi kwa kazi hii, na lazima fundi achukue maikromita, kipimio chenye usahihi mkubwa zaidi, asubiri chuma kipoe, apime mahali pawili au zaidi na kuandika alichokiona. Huu ndio moyo wa somo. Yanayobaki, yaani kupanga hatua za kazi, kukokotoa gharama, kutunza mashine na kudhibiti ubora, husimama juu ya uwezo huu wa kutengeneza kitu kwa kipimo kilichoagizwa na kukirudia kwa kipimo kilekile mara mia.

Vyeti vya kila mlango

Mafunzo ya ufundi stadi nchini yalipewa mfumo wake wa sasa na sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Pamoja na vyuo vya VETA vyenyewe kuna vyuo vya mashirika ya kidini, vikiwemo vya Wasalesiani wa Don Bosco, vya watu binafsi, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden. Mwanafunzi wa vyuo hivi husomea cheti cha taifa cha ufundi stadi, NVA, chenye ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na kwa kawaida kila ngazi huchukua takriban mwaka mmoja. Usajili wa vyuo vya ngazi zote hizi sasa uko chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi.

Taasisi kubwa zina historia ndefu zaidi. DIT ilianza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi ya Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Ufundi, na ikapata hadhi yake ya sasa kwa sheria ya mwaka 1997. Chuo cha Ufundi Arusha kilifunguliwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani. Katika taasisi hizi ngazi huhesabiwa kwa mfumo wa NTA, yaani tuzo za taifa za elimu ya ufundi: ya 4 na ya 5 ni vyeti vya ufundi, ya 6 ni stashahada, na ya 8 ni shahada ya kwanza. Anayeanzia ngazi ya 4 hufikia stashahada kwa miaka mitatu, na kwa kozi za uhandisi huulizwa alama zake za hisabati na sayansi kidato cha nne.

Tofauti ya vyeti hivi huonekana kazini. Mwenye NVA huajiriwa kama fundi mchundo au mwendesha mashine, mwenye stashahada kama fundi sanifu, na mwenye shahada kama mhandisi. Uwiano unaotajwa mara nyingi na wataalamu wetu ni mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano na mafundi mchundo ishirini na watano, na yeyote aliyepita ndani ya kiwanda anajua kwamba wanaohitajika kwa wingi ni wale wa mwisho katika uwiano huo. Hata hivyo, cheti hupanga pia kima cha juu cha mshahara na cheo, na hapa chuo kidogo hakiwezi kushindana na taasisi. Kijana anayejiona akiongoza idara ya uzalishaji siku moja atahitaji stashahada au shahada, iwe ataipata sasa au baadaye.

Saa za mashine

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi wakati wa kuamua, na ndipo wazazi wengi wanapopita haraka.

Tuchukue hesabu ya mfano. Darasa la wanafunzi 24 katika chuo kidogo lina mashine tatu za kukereza zinazofanya kazi, na ratiba inatoa saa 20 za karakana kwa wiki. Kila mashine inahudumia wanafunzi wanane, na kila mmoja wao hupata saa mbili na nusu za kuishika kila wiki. Darasa la wanafunzi 60 katika taasisi lina mashine sita na saa nane za karakana kwa wiki, kwa sababu siku nyingine ni za hisabati, michoro, nguvu za vifaa (yaani uimara wa chuma na malighafi nyingine) na umeme. Kila mashine inahudumia wanafunzi kumi, na kila mmoja hupata dakika 48. Baada ya mwaka mmoja wa masomo pengo hilo ni kubwa, na linaonekana katika mikono: mmoja anasikia kwa sauti ya kisu kwamba mwendo umezidi, na mwingine anajua kanuni ya kuukokotoa lakini anasita kusogeza mkono wa mashine.

Hesabu hiyo inasimama tu iwapo mashine za chuo kidogo zinazunguka kweli. Kipeperushi kinaweza kutaja mashine tatu, na ukifika ukakuta moja inafanya kazi na mbili zinasubiri mkanda au mota tangu mwaka uliopita. Katika hali hiyo kila kitu kinapinduka na taasisi inashinda hata kwa saa. Kwa hiyo nasihi kila mzazi na kijana waende chuoni siku ya kazi, si siku ya mahafali, na waombe kuingia karakanani. Wasiangalie rangi ya kuta. Waangalie chini ya mashine: kama kuna vipande vya chuma vilivyojikunja, vinavyong'aa au vyenye rangi ya buluu ya joto, mashine imekata chuma siku hiyo au jana yake, kama vipande vina kutu na vumbi limetanda juu ya reli, haijafanya kazi kwa muda mrefu. Waangalie kabati la vifaa vya kupimia. Maikromita iliyofungiwa ofisini, ambayo hutolewa siku ya mtihani peke yake, inaonyesha kwamba wanafunzi wa hapo hukereza kwa kukadiria.

Usalama pia husema mengi kuhusu mafunzo. Mwalimu mzuri hulisimamisha darasa zima akiona ufunguo wa kukazia taya umeachwa ukining'inia kwenye mashine ya kukereza, kwa sababu mashine ikiwashwa ufunguo huo huruka kwa nguvu ya kuvunja meno au kutoboa jicho. Ukiona miwani ya kinga machoni mwa wanafunzi wote, mikono ya ovaroli imefungwa na nywele zimebanwa, unaweza kuamini kwamba mafunzo mengine nayo yanasimamiwa. Ukiona wamevaa ndala, ondoka.

Ni kweli kwamba mashine za vyuo vidogo nyingi ni za kuzungushwa kwa mkono na zimezeeka. Jambo hilo halinitishi kama linavyowatisha wengi. Mashine ya zamani iliyotunzwa humfundisha mwanafunzi kuhisi chuma, kurekebisha ulegevu wa skrubu na kulainisha reli, mambo ambayo mashine ya kisasa huyaficha. Lakini kuna mpaka wake. Viwanda vinavyotengeneza vipuri kwa wingi vinatumia mashine zinazoongozwa na kompyuta, zile ambazo mafundi huziita CNC, na kijana asiyewahi kuona hata ukurasa mmoja wa maagizo yake atakuwa nyuma ya mwenzake wa taasisi, ambaye walau amejifunza jinsi maagizo hayo yanavyoandikwa, hata kama aliigusa mashine mara chache.

Karakana inapofanya kazi za kuuza

Vyuo vidogo vingi hujiendesha kwa sehemu kwa kupokea kazi za wateja: madawati ya shule, milango na madirisha, matoroli, mashine za kupukuchua mahindi. Taasisi kubwa nazo hupokea kazi, lakini mara nyingi hupitia kitengo maalumu ambacho mwanafunzi wa kawaida hakikaribii. Kwa anayesomea uzalishaji, karakana inayouza ni hazina, kwa sababu mteja huleta mambo matatu ambayo zoezi la darasani haliyaleti, yaani tarehe ya kukabidhi, bei isiyozidi kiasi fulani, na haki ya kuikataa kazi. Mwanafunzi aliyeshiriki kutengeneza madawati mia moja amejifunza kwamba kata ya kwanza ikikosewa kwa nusu sentimita na kifaa cha kushikilia vipande kikatengenezwa kwa kosa hilo, madawati yote mia yatayumba. Hilo ndilo somo la kwanza la uzalishaji kwa wingi, na hakuna kitabu kinachoweza kulifundisha kwa nguvu hiyo.

Upande wa pili wa jambo hili lazima usemwe wazi. Kazi za kuuza zinaweza kumgeuza mwanafunzi kuwa kibarua asiyelipwa, anayekata nondo zilezile mwaka mzima ilhali mwalimu peke yake ndiye anayechora, anayepima na anayezungumza na mteja. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kuchomelea ni rahisi kuanzisha kuliko kukereza, chuo kinaweza kuandika "teknolojia ya uzalishaji" mlangoni na ndani yake kikafundisha mageti tu. Kuchomelea ni ufundi wa heshima na wenye soko, ila geti huvumilia kosa la milimita tatu na beringi haivumilii hata sehemu ya mia. Muulize mkuu wa karakana maswali mawili: "Mwalimu, kazi ya mwisho mliyouza nani aliichora, na nani alikokotoa bei yake?" Kama wanafunzi wa ngazi ya pili au ya tatu walihusika katika yote mawili, hapo kuna chuo. Kama jibu ni jina lilelile la mwalimu mmoja, jua kwamba mwanao atatumika kuliko atakavyofundishwa.

Jambo hilo linanifikisha kwa walimu wenyewe. Udhaifu mkubwa wa chuo kidogo ni kwamba ubora wake wote unaweza kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Chuo chenye mwalimu mmoja wa ukerezaji aliyewahi kufanya kazi kiwandani miaka kadhaa kinaweza kutoa mafundi bora, na mwalimu huyo akihamishwa au akiajiriwa mgodini, chuo kilekile chenye mashine zilezile huporomoka ndani ya muhula mmoja. Taasisi kubwa ina walimu wengi wa idara moja, na mmoja akiondoka masomo yanaendelea. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa chuo kidogo anachagua mwalimu kuliko anavyochagua chuo, na ana haki ya kuuliza mwalimu huyo yupo tangu lini na ana mkataba wa aina gani.

Yale yasiyopatikana katika chuo kidogo

Taasisi humpa mwanafunzi nyenzo za kufikiri juu ya uzalishaji kabla ya kuushika. Atasoma kwa nini chuma kikipashwa na kuzamishwa majini kinakuwa kigumu na chenye kuvunjika, na namna ya kukirudishia ustahimilivu. Atavuta kipande cha chuma kwenye mashine ya majaribio hadi kikatike na kuchora grafu ya nguvu zake. Atachora kwa programu kama AutoCAD. Atajifunza kupanga mashine ndani ya jengo ili malighafi isirudi nyuma, na kutumia takwimu kujua mapema kwamba mashine ya kujaza chupa imeanza kupotoka kabla chupa mbovu hazijafika sokoni. Fundi wa chuo kidogo anaweza kuwa hodari kuliko wote kwenye zamu yake na bado akashindwa kueleza kwa maandishi kwa nini shafti ya kiwanda hukatika kila baada ya miezi minne mahali palepale. Aliyesoma nguvu za vifaa ataitazama kona kali iliyoachwa pale kipenyo kinapobadilika, atajua kwamba mkazo unajikusanya hapo, na ataagiza kona hiyo iviringishwe.

Katika karakana nyingi ndogo wanafunzi hufanyia mazoezi vyuma chakavu, hasa shafti za magari kuukuu, kwa sababu chuma kipya ni ghali. Mwalimu makini hulitumia jambo hilo kufundisha jinsi ya kutambua chuma kwa cheche zake kwenye jiwe la kunolea na kwa ugumu wake chini ya tupa. Mwalimu asiyejali humwacha mwanafunzi avunje visu bila kujua kwamba shafti ya gari imegumishwa juujuu.

Karakana ya mtaani

Gerezani jijini Dar es Salaam, na katika mitaa ya viwanda vidogo ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, kuna mafundi ambao hawakupita chuo chochote na wanatengeneza mashine za kukoboa mpunga, za kukamua alizeti na za kufyatua matofali. Mwanagenzi wao hupata saa nyingi za mashine kuliko mwanafunzi yeyote, na hujifunza biashara kwa kusikiliza majadiliano ya bei kila siku. Anachokosa ni mchoro, sababu na cheti. Hujifunza kunakili mashine iliyopo, na mashine iliyonakiliwa kutoka kwa nakala hubeba makosa ya zote mbili.

Ukosefu wa cheti si kizuizi cha kudumu, kwa kuwa VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hutathminiwa kwa vitendo, huzibiwa mapengo yake na hupewa cheti cha ngazi aliyoifikia. Hata hivyo nisingemshauri kijana wa miaka kumi na saba aanze na mlango huu peke yake iwapo kuna chuo kidogo chenye mashine zinazofanya kazi karibu na kwao. Ningemshauri autumie wakati wa likizo na wakati wa mafunzo kwa vitendo.

Gharama

Katika vyuo vya VETA ada kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, na kinachoumiza zaidi ni vifaa, ovaroli, buti na nauli. Vyuo vya binafsi hutoza zaidi na kila kimoja kina bei yake. Taasisi ni ghali kwa sababu ya miaka mitatu ya kuishi mjini, ingawa tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Gharama ambayo haiandikwi popote ni muda: fundi wa chuo kidogo anaweza kuanza kupokea mshahara mwaka mmoja au miwili kabla ya mwenzake wa stashahada, na kwa familia yenye wadogo wanaosubiri ada hilo ni jambo zito.

Fani ipi ndani ya uzalishaji

Swali hili lina uzito sawa na lile la chuo, na mara nyingi husahaulika. Viwanda vyetu vingi husindika kuliko vinavyotengeneza mashine. Ni viwanda vya sukari, saruji, vinywaji, unga, nguo, plastiki na nondo. Ndani yake kazi kubwa ya fundi ni kuhakikisha mstari wa uzalishaji hausimami: pampu, mikanda ya kusafirishia, gia, vali, mota, hewa ya mgandamizo, mvuke. Katika kiwanda cha sukari, kwa mfano, mafundi hufukuzana na mashine wakati wote wa msimu wa kusaga miwa, na masika yanapolazimisha kusimama hufungua vinu, hukagua kila ekseli na beringi, na hupeleka zilizolika karakanani zikajazwe chuma na kukerezwa upya.

Kwa hiyo kijana anayelenga kiwanda cha usindikaji atafaidika zaidi na ufundi mitambo wa matengenezo, hasa ukiambatana na umeme wa viwandani, kuliko na ukerezaji peke yake. Fundi anayeweza kubadilisha beringi na pia kusoma mchoro wa umeme wa mota hatafutiwi mtu wa pili saa nane ya usiku mashine inapozima. Vyuo vidogo vichache hufundisha yote mawili kwa pamoja, na vinavyofanya hivyo vinastahili kusafiriwa. Ukerezaji unalipa zaidi mahali penye uhaba wa vipuri, kama miji ya migodi na wilaya za kilimo cha mashine, kwa kuwa huko mteja hawezi kusubiri kipuri kitoke ng'ambo.

Msomaji wa Kenya atakutana na ulinganisho unaofanana: vituo vya mafunzo ya ufundi vilivyo chini ya kaunti kwa upande mmoja, na taasisi za ufundi na politekniki za taifa kwa upande mwingine, pamoja na vyuo vyenye mwelekeo wa viwanda kama KITI (Kenya Industrial Training Institute) ya Nakuru, iliyoanza mwaka 1965. Mitihani ya daraja ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa njia ya kutambuliwa kwa fundi aliyejifunza kazini, na maswali ya kuuliza karakanani hayabadiliki kwa kuvuka mpaka.

Nani aende wapi

Kijana mwenye alama nzuri za hisabati na fizikia, anayefurahia kuchora na kukokotoa, na ambaye familia yake inaweza kumsubiri kwa miaka mitatu, aende taasisi. Ila aingie akijua kwamba mikono yake itabaki nyuma, na hivyo kila likizo aitafutie karakana. Kijana mwenye alama za kawaida, mwenye subira ya mikono na haja ya kujitegemea mapema, aende chuo kidogo, mradi amekikagua kwa macho yake na kukuta mashine zinazozunguka, vifaa vya kupimia mikononi mwa wanafunzi, na mwalimu aliyewahi kufanya kazi ya uzalishaji. Chuo kidogo kisicho na mambo hayo matatu kisichaguliwe kwa sababu tu kiko karibu na nyumbani. Heri taasisi yenye msongamano, au hata mwaka mmoja karakanani kwa fundi mwaminifu huku akitafuta nafasi bora. Binti aongeze ukaguzi wa bweni, mahali pa kubadilishia nguo na idadi ya wasichana waliomaliza fani hiyo, kwa kuwa aliye peke yake kati ya wavulana thelathini hupewa kwa urahisi kazi ya kuandika badala ya kushika mashine.

Kama mashaka ni makubwa, mimi huegemea kuanza na chuo kidogo kizuri, kwa sababu kutoka huko kuna njia ya kupanda: mwenye NVA ngazi ya tatu pamoja na ufaulu wa kidato cha nne anaweza kuomba kuingia NTA ngazi ya 4 katika kozi zinazokubali sifa hiyo. Njia hiyo hufungwa na mambo mawili, hisabati iliyofeli na chuo kisichosajiliwa, na yote mawili hushughulikiwa mapema. Aliyefeli hisabati aurudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea akiwa bado chuoni, wakati hesabu za mizunguko na vipimo zinampa sababu ya kuisoma. Na kabla ya kulipa hata shilingi moja, aombe namba ya usajili ya chuo, aihakiki NACTVET, kisha aulize kama fani anayoitaka imo katika usajili huo, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa ushonaji na useremala huku kikitangaza ufundi mitambo.